Mabibi Wawili wa Bwana Mifugo

Kwenye mazishi yake walisimama wasemaji wanne, na wote wanne walisema marehemu alikuwa adui mkubwa wa kupe. Ni kweli. Kupe wa Mbulu na Hanang hawakuwa na sababu ya kumpenda. Lakini mtu akitumika miaka yote ile halafu akaagwa kwa habari za kupe, naona amefanyiwa ubahili kidogo. Mimi sikusimama. Niliishia darasa la nne, na sina mazoea ya kusema mbele ya viongozi. Tena nililotaka kusema lisingeingia katika dakika tano za ratiba: kwamba mzee yule alikuwa mtu pekee kutoka Tlawi mpaka Katesh aliyekuwa na opera moja ya Kirusi mara mbili.

Sisi tulimwita Bwana Mifugo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye barua za serikali, na barua za serikali hazikuwa na haraka ya kufika Tlawi. Alikuja kwetu miaka michache baada ya Uhuru, mgeni kutoka mkoa wa mbali, akakaa katika nyumba ya bati ya idara, karibu na josho. Shamba letu lilipakana na nyumba hiyo. Katikati palikuwa na uzio wa minyaa, na mimi niliishi upande wa pili wa minyaa hiyo kwa miaka tisa, kwa hiyo ninayoyasema niliyasikia kwa masikio yangu, nikitaka nisitake.

Serikali ilikuwa imempeleka Urusi mwaka mmoja na nusu akajifunze ng'ombe. Alirudi anajua ng'ombe, na anajua jambo jingine ambalo serikali haikumtuma. Siku ya kumuaga, walimu wake walimpa sanduku la sahani za santuri, nzito kama tofali. Ndani yake mlikuwa na opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao watu wake hawaongei, wanaimba tu, hata mtu akitaka kuomba maji. Mchezo wenyewe ulitolewa kwenye kitabu kinene sana ambacho Warusi wote, kwa maelezo yake, wamekisoma, au wanasema wamekisoma. Baada ya mwaka mmoja hivi rafiki yake wa huko akamtumia kwa posta sanduku la pili. Opera ile ile, maneno yale yale, lakini waimbaji wengine. Sanduku la kwanza lilirekodiwa ndani ya chumba maalumu, hakuna inzi. La pili lilirekodiwa ukumbini, watu wamekaa, wanakohoa.

Mtu mwingine angesema, sasa ninayo mawili, nimuuzie jirani moja. Yeye akaanza kuyalinganisha. Hakuacha.

Ukienda kwake kumwambia ndama anaharisha, alikuambia keti. Ukishakaa, alikuwekea bibi wa kwanza, yaani mwimbaji wa sanduku la kwanza, akakuinulia kidole usiseme. Kisha akakuwekea bibi wa pili, kipande kile kile. Kisha akauliza, "Yupi bora?" Watu wetu si wajinga. Ndama anaharisha, mwenye dawa anauliza swali, na uso wake unaonyesha jibu analolitaka. Tulisema wa kwanza. Katibu Tarafa alikuja kukagua josho, akasema wa kwanza. Katekista alisema wa kwanza, kisha akauliza kama kuna wimbo wa Mungu humo ndani. Kwa kura za Tlawi, bibi yule wa kwanza angeweza kuwa mbunge.

Hadithi yenyewe alitusimulia mara nyingi. Binti amechumbiwa na ofisa wa jeshi. Ofisa anasafiri. Binti anadanganywa na kijana wa mjini mwenye buti zinazong'aa, uchumba unavunjika. Vita vinakuja, mji unachomwa, na binti anamkuta yule ofisa akiwa majeruhi, anakata roho. Anamwomba msamaha, naye anamsamehe, kisha anakufa. Ilichukua sahani mbili kufa.

Siku ya kwanza aliposimulia, mzee mmoja wa Nambis aliyekuwa ameleta dume lake josho alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ng'ombe wa mahari walirudishwa?"

"Hakukuwa na ng'ombe, Mzee. Hawa ni watu wakubwa."

"Watu wakubwa, hawana ng'ombe?"

"Wanao, lakini hawaoi kwa ng'ombe."

"Basi uchumba haukuvunjika," mzee akasema, akainuka. "Haukuwepo."

Bwana Mifugo alikaa siku mbili amenuna.

Alikuwa mtu wa namna hiyo, haeleweki vizuri. Alizungumza na ng'ombe kwa adabu, "Samahani mama, inua mguu," halafu akageuka kumfokea mwenye ng'ombe kama askari. Alihubiri faida ya maziwa katika kila mkutano, na yeye mwenyewe hakuyanywa, alisema yananuka ng'ombe. Siasa ya Ujamaa ilipokuja aliipokea kwa mikono miwili, akatueleza kwamba mali ni yetu sote, jembe ni letu sote, trekta likija litakuwa letu sote. Mtu akamwuliza gramafoni je. Alisema gramafoni ni chombo cha kitaalamu.

Tena alidai ukimya. Sahani ikizunguka, hata kikohozi alikihesabu kuwa ni utovu wa nidhamu. Lakini yeye mwenyewe alisema mwanzo mpaka mwisho: "Hapa, sikia, sasa anashusha pumzi, sikia, sikia." Ulikuwa unamsikia yeye, na kwa mbali sana, Warusi.

Jambo moja lazima nimpe haki yake. Katika kazi yake alikuwa mtu wa kweli. Siku za kuchagua madume ya kuzalisha, alipiga marufuku kulinganisha ng'ombe aliyetoka kunywa maji na ambaye hajanywa. "Huyo tumbo limejaa maji," alisema, "mnamsifia maji. Wote wanywe, au wote wasinywe, ndipo mniambie nani mkubwa." Watu walimchukia kwa hilo, hasa waliokuwa wamenywesha madume yao alfajiri. Lakini hakumpendelea mtu.

Sasa nifike kwangu, maana bila hapo sina haki ya kumwandika.

Mwaka wa surua nilifiwa na mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, wa miaka minne. Mume wangu alikuwa kibarua Oldeani. Alikuja, akazika, akarudi Oldeani, ambako hakuna aliyejua nani ana msiba na nani hana. Mimi nilibaki na desturi. Sisi Wairaqw tulikuwa Wakristo wazuri siku ya Jumapili, na siku sita zilizobaki tulifuata ya wazee. Nyumba iliyopata msiba kama ule iliwekwa peke yake kwa miezi mingi. Tuliita metimani. Huingii kwa watu, watu hawaingii kwako. Moto huazimi, chumvi huazimi, ng'ombe wako wanakunywa maji wengine wakishamaliza. Watu wakitaka kusema nawe wanasimama mbali na kupaza sauti. Hawakuwa wakatili. Wifi yangu aliniachia mahindi njiani na kulia akiwa upande wa pili wa kijito. Lakini aliye peke yake ni peke yake, hata akiachiwa mahindi.

Na hakuna aliyemtaja mtoto. Walidhani kumtaja ni kuniumiza. Nyumba yangu ilinyamaza mpaka nikawa naogopa sauti ya kijiko changu.

Bwana Mifugo hakuijua desturi. Siku ya kwanza alitaka kuja moja kwa moja kunipa pole, wakamzuia kwa kumshika koti. Alipoelezwa, alikasirika, akasema huu ni ujinga, akasema nchi iko huru. Kisha akaenda nyumbani kwake, akafikiri. Kesho yake alasiri aliweka gramafoni dirishani, uso wake ukielekea minyaa yangu, akamfungulia bibi wa kwanza.

Hapo kikaitishwa kikao. Sisemi uongo, watu wazima kumi na wawili walikaa kwenye nyasi mbele ya josho kuamua kama sauti inaweza kubeba msiba. Mimi nilisikiliza nikiwa nyuma ya minyaa.

"Sauti inatoka kwake inakwenda kwa yule mama," balozi wa nyumba kumi akasema. "Haitoki kwa mama kurudi. Kwa hiyo haileti kitu."

"Na mama akiimba pamoja nayo?" mwingine akauliza.

"Anajua Kirusi?"

"Hajui."

"Basi."

Mzee wa Nambis, yule wa mahari, alikuwepo tena. Alisema moto hupika kinacholiwa, maziwa huliwa, chumvi huliwa. "Kelele hizi hakuna mtu anayeweza kuzila. Mwacheni apige." Ndivyo nilivyoruhusiwa opera.

Tangu siku hiyo kila alasiri nilikaa na jembe langu karibu na uzio, nalima pale pale palipolimwa jana. Nilimsikiliza bibi wa kwanza, halafu wa pili, halafu sauti ya Bwana Mifugo ikipita juu ya minyaa: "Mama! Umesikia? Wa pili anavuta miguu! Anaimba kama amebeba mtungi!" Nilijibu, "Nimesikia, Bwana Mifugo." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima. Msicheke. Niliyangoja tangu asubuhi.

Lazima nieleze habari ya betri. Gramafoni ile ilikula betri sita za tochi, na miaka ile betri ilikuwa adimu kama sukari. Zikichoka, Bwana Mifugo alizianika juu ya bati lake tangu asubuhi, zikapata joto, zikafufuka kidogo. Kila mtu alifanya hivyo kwa redio. Zikitoka juani zilikuwa na nguvu ya robo saa hivi, kisha sahani ilianza kuzunguka polepole, na sauti ikashuka. Na kwa kuwa alimpenda bibi wa kwanza, siku zote alianza na bibi wa kwanza.

Miezi mitatu nilisikiliza bila kuligundua hilo. Nilidhani kweli yule wa pili ni mama mnene mwenye mafua.

Siku moja alirudi kutoka Arusha na betri mpya. Sahani ya kwanza ilikuwa imeingiwa na unga wa dawa ya josho, akawa anaipangusa kwa kitambaa. Ili asipoteze muda, akaweka ya pili. Kilikuwa kile kipande cha mwisho, binti kando ya kitanda cha mgonjwa wake.

Haikuwa sauti niliyoizoea. Ilikuwa nyepesi, ya mtu mdogo, inakwenda mbio kama mtu anayetaka kusema yote kabla mlango haujafungwa. Mahali fulani pumzi ilimwishia katikati, akaivuta tena, na ukumbini mtu mmoja akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha jambo kooni. Bibi wa kwanza alikiimba kipande hicho vizuri sana, kila kitu mahali pake. Huyu alikiimba kama mtu ambaye mgonjwa ni wake. Niliacha jembe. Nilikaa chini kwenye mitaro ya viazi, nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu tuzike.

Kisha akaweka bibi wa kwanza, naye kwa kuwa betri zilikuwa mpya aliimba vizuri kama kawaida, na kutoka dirishani nikasikia, "Umeona, mama? Wa kwanza!"

Wiki ile betri zikaanza tena kwenda juani, na bibi wa pili akarudi kuvuta miguu. Nikajua. Nilimweleza wifi yangu, yeye upande wa pili wa kijito.

"Usimwambie," akapaza sauti.

"Lakini si kweli anachosema."

"Si kweli, inakuhusu nini? Ni Mrusi, ni ndugu yako? Yule mtu ana hasira. Akifunga dirisha utasikiliza nini, ng'ombe?"

"Nitasikiliza ng'ombe."

"Miezi sita imebaki!" akasema. "Mwambie wa kwanza ni bora, yaishe!"

Alikuwa na haki. Nilipima siku tatu. Upande mmoja lilikuwepo dirisha, upande wa pili jambo ambalo halikumhusu mtu yeyote wilayani. Lakini kila alasiri aliponiuliza, nilikuwa natakiwa kumsema vibaya bibi aliyelia pamoja nami, hata kama alilia mbali na hakunijua. Siku ya nne sikuweza.

"Bwana Mifugo, shikamoo."

"Marahaba. Umemsikia leo? Kama trekta kwenye tope!"

"Humtendei haki."

"Umesemaje?"

"Wa kwanza unampa betri zenye joto. Zikichoka ndipo unamleta wa pili. Kila siku hivyo."

"Mama, umesomea muziki wapi?"

"Sijasomea. Wewe ulitukataza kulinganisha dume aliyekunywa na ambaye hajanywa."

Aliniangalia juu ya minyaa kama vile ng'ombe amemjibu. Akatoa sindano juu ya sahani, akachukua gramafoni kwa mikono miwili, akafunga dirisha. Hakulibamiza. Alilifunga taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Lilikaa hivyo siku kumi na sita. Wifi yangu alikuja kijitoni, akanitazama, hakusema "nilikuambia", lakini alisimama namna ya mtu aliyesema. Sitadanganya kwamba nilijisikia vizuri kwa kusema kweli. Nilijisikia mpumbavu. Nilikuwa nimetoa kitu kimoja nilichokuwa nacho, kwa ajili ya bibi wa Kirusi.

Siku ya kumi na saba dirisha likafunguliwa. Alianza na wa pili. Alimpiga mpaka mwisho, bila kusema neno hata moja, na kwa mara ya kwanza tukawasikia Warusi. Kisha akampiga wa kwanza, betri zimechoka, na wa kwanza akaimba kama mama aliyebeba mtungi.

Akainua sindano juu ya sahani.

"Mama."

"Naam."

"Betri zilikuwa zimechoka."

"Ndiyo, Bwana Mifugo."

"Wa kwanza bado ni bora."

"Haya."

"Lakini si kwa kiasi kile."

Kwake yeye hilo lilikuwa ombi la msamaha, limevaa suti. Baadaye nilimsikia akimweleza mgeni kutoka wilayani kwamba "sisi wataalamu tumegundua" kuwa betri zinaathiri hukumu. Sikudai sehemu yangu ya utaalamu. Dirisha lilibaki wazi mpaka metimani yangu ikaisha, na siku nilipoingia kwake kwa mara ya kwanza, alinipa kiti, akaniinulia kidole nisiseme, akapiga wote wawili. Mtoto hakumtaja. Hakumtaja siku hiyo wala siku nyingine yoyote pale Tlawi, na mimi nilikuwa nimezoea.

Kisha ikaja Operesheni ya vijiji. Sisi tukahamishwa, nyumba zikabomolewa, Bwana Mifugo akapelekwa Hanang. Wakati wa kuondoka alipakia sahani kwanza, kitanda baadaye. Nilipata watoto wengine watano. Nao walikua.

Miaka mingi baadaye, niliposikia amelazwa Haydom, nilipanda basi na viazi vilivyochemshwa. Nilimkuta kitanda cha ukutani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ndevu nyeupe, anamkemea mgonjwa wa jirani kwa kukoroma.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Wewe ndiye yule mama asiyejua muziki."

"Ndiye mimi. Mabibi hawajambo?"

"Wamekufa. Siku moja nilianika betri na sahani zilikuwa pale pale. Zimepinda kama chapati. Wote wawili."

"Pole sana."

"Sasa hatuna ushahidi," akasema. "Unaweza kusema lolote."

"Sisemi lolote. Nasema wa pili."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Alikula kiazi kimoja, akalaumu chumvi. Kisha akakaa anaangalia mikono yake.

"Kila siku nilikuuliza yupi bora," akasema. "Mwaka karibu mzima. Juu ya ule uzio."

"Ulikuwa unanisaidia."

"Ndiyo, nilijua. Lakini wewe uliyefiwa nilikuwa nakuuliza habari za watu waliofiwa kwenye sahani." Akainua macho. "Mtoto aliitwa nani?"

Nilikuwa na wajukuu wakati ule. Katika miaka yote ile hakuna mtu aliyeniuliza.

"Tluway," nikasema. "Alizaliwa siku ya mvua kubwa."

"Tluway. Alikuwaje?"

Nikamwambia alikuwa mfupi, mwenye kichwa kikubwa, na mbishi. Nikamwambia aliogopa kuku lakini hakuogopa ng'ombe, na kwamba alikuwa na tabia ya kulala ameshika sikio langu. Bwana Mifugo hakusema "sikia", hakuinua kidole. Aliuliza, sikio lipi? Nikamwonyesha.

Muuguzi akaja kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha.

"Dada, subiri," akamwambia. "Huyu mama ndiyo kwanza ameanza."

Muuguzi alinitazama, akaenda kwenye kitanda kingine. Nikaendelea.